Tusiishie kununua samaki, tuwazalishe

Anayefuga samaki wa urembo asiishie kununua; azalishe pia. Nasema hivi nikiwa mfumaji wa masweta ambaye mabaki ya nyuzi zangu huishia kwenye tangi la samaki wa upinde wa mvua.

Aina ninayoifuga, Melanotaenia boesemani, asili yake ni maziwa ya Ayamaru huko Papua Magharibi, Indonesia. Dume ni wa buluu mbele na rangi ya chungwa nyuma. Kwao wamo hatarini kutoweka, na uvuvi wa kibiashara umechangia. Tukiwazalisha nyumbani, hatuna sababu ya kuagiza wa ziwani.

Gharama si kubwa. Funga nyuzi za akriliki ziwe kishada, uziache zielee. Jike hutaga humo mayai machache kila siku. Hamishia kishada kwenye chombo kingine, maana wazazi huyala. Maji yakiwa na joto la sentigredi 26 hivi, mayai huanguliwa baada ya takriban wiki moja. Kabla ya hapo utaona macho meusi ndani ya yai.

Kifaranga ni mwembamba kama unywele na huogelea juu kabisa. Artemia, uduvi wadogo wa kulishia samaki wachanga, bado ni wakubwa kwa mdomo wake, kwa hiyo otesha vijidudu vya majini mapema, mayai yakiwa bado kishadani. Vifaranga wengi hufa kwa njaa tu.

Nanyi wauzaji, msichanganye aina tofauti kwenye tangi moja la kuzalishia. Huzaana kirahisi, na mbegu halisi hupotea.