MKATABA WA PARIS: MDAI ANAYEMFUTIA DENI MDENI WAKE



Ndugu zangu katika imani, wiki hii nimetumiwa sauti moja na watu zaidi ya kumi. Msemaji anadai kwamba Mkataba wa Paris ni mtego wa wazungu: wanataka tusilime kahawa huku Mbinga, tusichimbe makaa ya mawe ya Ngaka, tubaki maskini milele. Na wengi wenu mmeijibu, "Kweli kabisa sheikh."

Nawauliza: mmeusoma? Allah Subhanahu wa Ta'ala ametuamrisha katika Surat al-Hujurat tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi. Basi tuhakikishe.

Mkataba huu ulipitishwa Desemba 2015, na Tanzania ikauridhia mwaka 2018. Lengo lake ni joto la dunia lisizidi nyuzi 2 juu ya lilivyokuwa kabla ya viwanda, na juhudi zifanyike liishie 1.5. Haumpangii yeyote kiwango. Kila nchi inaandika ahadi yake yenyewe, na kila baada ya miaka 5 inaleta nyingine iliyo kubwa zaidi. Neno "makaa ya mawe" halimo ndani yake. Lilikuja kutajwa Glasgow mwaka 2021, tena kama wito wa kupunguza. Ahadi yetu ya mwaka 2021 inasema tutapunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na kiasi ambacho tungetoa bila kuchukua hatua. Tumeiandika wenyewe, na tukasema tunahitaji fedha za kuitekeleza.

Uko wapi mtego?

Kama mkataba una aibu, aibu yake ni kinyume cha hiyo: hauna meno. Kamati yake ya utekelezaji haimwadhibu mtu. Marekani ilitoka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 rais wao akatia saini tena amri ya kutoka. Nani aliwafanya nini? Nchi tajiri ziliahidi mwaka 2009 kwamba ifikapo 2020 zitatoa dola bilioni 100 kila mwaka. Zilitimiza 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Mikopo, ndugu zangu! Mtu amekuunguzia nyumba, kisha anakukopesha bati.

Sasa fikirini. Mkataba usio na hakimu unasimama juu ya vitu viwili: ahadi, na mdai anayesimama mlangoni kuidai. Wewe unayesambaza kwamba mabadiliko ya tabianchi ni uongo wa wazungu, unadhani unampinga mzungu. Wallahi unamfutia deni! Hakuna mdeni asiyependa mdai anayetangaza kwamba deni halipo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imezungumzia deni na kuliandika. Dini hii si ya watu wa kusamehe haki za wanyonge bila kuulizwa.

Wako pia wanaosema, "Mvua ni kadari ya Allah, tuache." Mvua ni ya Allah, hilo halina ubishi. Lakini Surat ar-Rum imetufundisha kwamba ufisadi wa nchi kavu na baharini umetokana na mikono ya watu. Kadari haikumfundisha mvuvi wa Mbamba Bay kuacha mtumbwi bila kuufunga. Kwa nini uifanye kisingizio kwenye mvua tu?

Na sisi tusijitoe. Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 tu ya gesi hizi, ni kweli. Lakini nani anakata miti kwenye vyanzo vya maji milimani? Udongo wa shamba lako unateremka na mto hadi Ziwa Nyasa, unamfuata mvuvi wa Liuli kwenye usipa wake. Wazee wa Kimatengo walilima ngoro kwenye miteremko hii hii, mashimo yanayoshika maji na kuzuia udongo, kabla mkutano wowote haujaitishwa. Anayedai amana iliyovunjwa lazima yake iwe imehifadhiwa.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Futeni ile sauti. Kwenye mikutano ya kijiji, waulizeni viongozi, bila matusi: fedha za kuhimili mabadiliko haya zimefika kwetu kiasi gani, na zimefanya nini? Na akija mtu na karatasi ya biashara ya kaboni juu ya msitu wenu, msitie saini msichokielewa. Kanuni za biashara hiyo zipo tangu 2022. Ulizeni miaka mingapi, mgawo gani, nani anapima. Muuzaji asiyejua anauza nini amekwisha kuingia kwenye gharar.

Surat al-Maida inafunguka kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba. Tutimize wetu, kisha tudai wao, kwa sauti.

Allah atupe mvua zenye kheri na ndimi zenye ukweli. Wabillahi tawfiq.