Duara Chini ya Maji

Mwezi huu tulitaka kuzungumza juu ya kubana kuni, lakini tumeiacha mada hiyo kwanza, kwa sababu kuna neno limetufikia mlangoni.

Mama mmoja alikuja kutuona siku ya pili baada ya mgao. Hata kukaa hakukaa. Alisema, "Ninyi watu wa gazeti, njooni mtuamue. Baba na mtoto hawasemeshani siku ya nne sasa, na ugomvi wenyewe ni juu ya shimo."

Shimo? Tulifikiri ni shimo la choo, maana hapa kwetu ugomvi wa mashimo ni huo. Kumbe hapana. Ni shimo lililo chini ya Ziwa Tanganyika, huko nyumbani, ambalo hakuna aliyewahi kuliona isipokuwa mtoto wake, kwenye simu.

Kijana ana miaka 19. Alimaliza sekondari hapa kambini, na tangu hapo yuko nyumbani kama wenzake wengi. Usiku anafungua ramani za satelaiti, anatafuta kijiji walichotoka, upande wa Baraka. Usiku mmoja, katika maji yaliyo kati ya Baraka na rasi ya Ubwari, akaona duara. Jeusi kidogo kuliko maji mengine, limezunguka vizuri kama mdomo wa sufuria. Alishasikia redioni kwamba kimondo kikubwa kikianguka huacha shimo la duara. Basi akasema ni hilo.

"Iko duara chini ya maji, baba. Kubwa sana."

"Sasa utakula duara?"

Baba ana hoja yake. Mgao umepungua, na simu ile ikiuzwa inaleta unga wa siku kadhaa. Kijana naye anasema simu ndiyo shule iliyobaki. Mama yuko katikati, anapika.

Tulikwenda, tukakaa kwenye mkeka, tukawasikiliza wote watatu. Hatukutaka kuamua jambo tusilolijua. Tukaomba tupewe wiki tatu, tukasoma, tukawauliza walimu wa sekondari. Tunaandika hapa tuliyoyapata, maana tunajua nyumba nyingine nazo zina kijana wa namna hii.

Picha iliyotundikwa ukutani

Kwanza, je, kweli inawezekana shimo la kimondo likae chini ya maji na mtu asiye mtaalamu wa vimondo aligundue? Ndiyo, imetokea.

Uingereza kulikuwa na wataalamu wawili wa miamba, Philip Allen na Simon Stewart. Kazi yao ilikuwa mambo ya mafuta na gesi, vimondo havikuwa fani yao. Watafutaji wa gesi hupeleka sauti chini ya bahari. Sauti ile inagonga tabaka za miamba, inarudi, na mwangwi unachorwa kuwa picha. Katika picha za namna hiyo za Bahari ya Kaskazini, kilometa kama 130 kutoka pwani ya Yorkshire, Allen aliona umbo asilolielewa. Lilikuwa shimo la upana wa kilometa 3 hivi, limezungukwa na duara ndani ya duara mpaka kufikia kilometa 20. Lote lilikuwa limefukiwa, mita kama 700 chini ya sakafu ya bahari.

Allen alifanya nini? Aliitundika picha ukutani ofisini, akitumaini atapita mtu wa kumweleza. Stewart akaja kwa shughuli nyingine kabisa, akaiona, akasema linafanana na shimo la kimondo. Mwaka 2002 wakatangaza habari hiyo katika jarida la kisayansi. Shimo likaitwa Silverpit.

Hebu fikiri angekuwa ameificha picha ile kwa kuogopa kuchekwa!

Kura zilipigwa

Lakini msidhani walipigiwa makofi tu. Wengine walisema hapana, chini kabisa ya eneo lile kuna tabaka la chumvi. Chumvi ilisogea, ardhi ya juu ikadidimia, basi. Ubishi ukawa mkubwa. Mwaka 2009 wanasayansi walikutana London, wakajadiliana mbele ya watu, na mwisho wakapiga kura. Walio wengi walikataa kwamba ni kimondo.

Ikapita miaka mingine. Ndipo mwaka 2025 timu ya Uisdean Nicholson, wa chuo kikuu cha Heriot-Watt huko Edinburgh, ikaleta jibu. Walitumia picha mpya za mwangwi zilizo wazi zaidi, halafu wakachunguza vipande vya mwamba vilivyotoka katika kisima cha mafuta kilichochimbwa eneo hilo. Humo wakakuta chembe ndogo sana za madini zilizopigwa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kulikuwa na kimondo kweli. Wanasema kilikuwa na upana wa mita 160 hivi, kilianguka baharini miaka kati ya milioni 43 na 46 iliyopita, na kikainua wimbi la zaidi ya mita 100.

Kwa nini chembe ziwe na nguvu kuliko kura? Mnayajua yale mawe meupe yanayong'aa, ambayo watoto huyagonga yatoe cheche? Ndani yake kuna madini yaitwayo kwatsi. Kimondo kikipiga mwamba, msukumo ni mkali mno na wa ghafla mno, hata chembe ya kwatsi inapasuka kwa ndani, ikabaki na mistari myembamba iliyopangana kama mistari ya daftari. Inaonekana kwa hadubini. Volkano haitengenezi mistari hiyo, wala chumvi inayosogea. Ukiikuta, umekuta alama ya kidole ya mgeni kutoka juu.

Kwa hiyo umbo la duara peke yake halitoshi. Duara linafanywa na volkano, na chumvi, na maji yanayokula mawe kwa chini. Dunia nzima ina mashimo ya vimondo yaliyothibitishwa takriban 200 tu, na kila moja limedaiwa jiwe lake.

Wasomaji, hapa tulinyamaza kidogo pale kwenye mkeka. Nani kati yetu hajakaa mbele ya meza na kuulizwa, "Una karatasi gani ya kuonyesha?" Unajua ulichokiona. Ulikiona kwa macho yako, usiku, ukiwa na mtoto mgongoni. Lakini meza inataka kitu cha kushika. Baba wa kijana alisema polepole, "Kumbe hata mashimo yanafanyiwa mahojiano." Tulicheka, lakini si sana. Tofauti ni kwamba jiwe haliumii likingoja miaka 23. Mtu anaumia.

Wengine walioona kabla ya kusadikiwa

Kuna shimo kubwa kuliko hilo, la Chicxulub huko Meksiko, upana wake kama kilometa 180, nusu chini ya nchi kavu na nusu chini ya bahari. Ndilo la kimondo kilichomaliza dinosaria, wale wanyama wakubwa wa zamani, miaka milioni 66 iliyopita. Aliyeliona ni Glen Penfield, mwaka 1978, akiwa anapima usumaku wa miamba kutoka kwenye ndege kwa ajili ya kampuni ya mafuta ya Meksiko. Yeye na mwenzake Antonio Camargo walilieleza mkutanoni mwaka 1981, na karibu hakuna aliyejali. Ilikuwa mwandishi wa gazeti la Houston, Carlos Byars, aliyeandika habari hiyo, na miaka 9 baadaye akamwambia mwanafunzi mmoja wa mashimo hayo, Alan Hildebrand, kwamba kuna mtu alishaliona. Ndipo wakatafuta mawe ya visima vya zamani, na mwaka 1991 dunia ikaambiwa. Sisi watu wa magazeti madogo tumefurahi sana kusoma hilo.

Mwingine ni Vincenzo de Michele wa Italia, aliyewahi kutunza madini katika jumba la makumbusho la Milano. Mwaka 2008 alikuwa anaangalia picha za satelaiti kwenye kompyuta, akaona duara dogo katika jangwa la kusini mwa Misri, mita 45 tu. Watu walikwenda mpaka pale, wakaokota maelfu ya vipande vya chuma cha kimondo. Tazameni alichofanya huyu: alianza na picha kama kijana wetu, lakini jangwani unaweza kutembea mpaka penyewe na kuinama.

Na nyumbani Kongo je? Liko moja! Linaitwa Luizi, kwenye uwanda wa Kundelungu, Katanga, upana kilometa 17 hivi. Umbo lake la mviringo lilishatajwa tangu zamani za wakoloni, lakini liliandikwa rasmi kuwa shimo la kimondo mwaka 2011, baada ya Ludovic Ferrière na wenzake kwenda na kuleta mawe yenye alama zile tulizosema. Watu wamelima na kuwinda upande ule miaka yote hiyo.

Na duara la kijana wetu?

Hapa tulimwambia ukweli, maana kumdanganya mtoto kwa kumhurumia ni kumtupa mara ya pili.

Picha ya satelaiti ni picha ya juu. Hata maji yakiwa safi kama ya Tanganyika, jicho linaishia mita 20 hivi. Ziwa lile lina kina mpaka mita 1,470, na sakafu yake imefunikwa na matope ya mamilioni ya miaka. Shimo la kale lingekuwa limezikwa. Weusi unaouona juu unaweza kuwa kivuli cha wingu, upepo, au mimea midogo ya majini.

Na ramani zinazoonyesha sakafu ya maji, nyingi zinatokana na meli zilizopita zikipima kwa sauti. Pale meli haikupita, kompyuta inajaza kwa kukisia. Mwaka 2009 watu walipiga kelele kwamba wameona mji uliozama katika Atlantiki, wenye barabara zilizonyooka, karibu na visiwa vya Kanari. Ilikuwa mistari ya njia za meli zilizokuwa zinapima.

Tukamwachia kazi, na nyie vijana wengine mnaweza kuichukua hivyo hivyo. Andika daftarini mahali penyewe kwa namba za ramani, na tarehe ya picha. Tafuta ramani ya pili, na picha ya mwaka mwingine, uone kama duara bado lipo. Orodhesha vitu vingine vinavyoweza kulifanya. Waulize wavuvi kina cha maji. Likibaki baada ya hayo yote, waandikie walimu wa miamba wa chuo kikuu barua fupi, uweke picha, na usisahau neno "huenda".

Alirudi baada ya siku 9, na daftari. Alikuwa amepata picha za miaka mitatu tofauti. Alikuwa pia amemuuliza mjomba wake, aliyevua samaki maji yale miaka mingi.

"Halipo," alisema. "Katika picha moja lipo, katika mbili halipo. Nadhani ni kivuli cha wingu."

Hakulia, lakini sauti ilikuwa ndogo. Tukampa mkono, wote, mmoja baada ya mwingine. Kulivunja duara lako mwenyewe ni kazi ambayo watu wazima wengi hawaiwezi.

Baba yake alikuwepo. Akasema, "Si niliwaambia?" Mama akamtazama. Yule mzee akanyamaza, akakuna ndevu, halafu akauliza, "Na lile la Katanga, lile lililothibitishwa, kwenye simu linaonekana?"

Kijana akasogea. Wakainama wote wawili juu ya kioo kile kidogo. Mtandao ulikuwa mzito, picha ikaja nusu nusu.

Simu haijauzwa mpaka tunapoandika haya. Hatusemi haitauzwa, unga ni unga, na hatuwezi kumhukumu baba anayehesabu vikombe. Lakini tunaomba neno moja kwa wazazi wote: mtoto akikuletea jambo la ajabu, kabla hujacheka, mwulize, "Umelipima vipi?" Na ninyi vijana, mkiulizwa hivyo, msikasirike.

Kama kuna mzee aliyewahi kukaa upande wa Kundelungu na anajua wenyeji walilisimuliaje eneo lile, aje atuone, au amtume mjukuu aandike. Daftari liko wazi.

Mwezi ujao, tukijaliwa, zile kuni. Kaeni salama.