Gari dogo la dizeli Garsen: Nafuu ya lita, gharama ya njia

MIONGONI mwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini kutoka Japani na Uingereza yamo madogo ya milango mitano, ya hadhi ya juu kidogo, yenye injini ya dizeli. Mazda Demio ya lita 1.5 na BMW 118d ni mifano inayojulikana.

Kwa mtumishi wa umma au mfanyabiashara wa Garsen, Kaunti ya Tana River, anayefuata huduma za benki na bidhaa Malindi, gari la namna hiyo huonekana kuwa jawabu. Swali ni iwapo hesabu inayomvutia mnunuzi ni hesabu kamili.

Kutoka Garsen hadi Malindi ni yapata kilomita 110 za lami. Gari dogo la dizeli linaweza kwenda kilomita 20 kwa lita moja katika safari kama hiyo, ilhali la petroli la kimo chake likikadiriwa kwenda 15. Mnamo Septemba 2023, bei ya juu kabisa jijini Nairobi ilikuwa Sh211.64 kwa lita ya petroli na Sh200.99 kwa dizeli. Kwa bei hizo, safari ya kwenda na kurudi ingemwachia mwenye dizeli takriban Sh900 mfukoni.

Isitoshe, barabara ndefu iliyo wazi ndiyo inayoifaa injini hiyo. Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni yana chujio linalonasa masizi kabla hayajatoka kwenye ekzosi. Masizi hayo huteketezwa kwa joto la nyuzi zipatazo 600, joto ambalo hupatikana gari likienda kasi kwa dakika kadhaa bila kusitasita. Safari ya Malindi hulisafisha chujio. Safari fupi za Garsen na Minjila, siku nenda siku rudi, hulizibisha.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kugeuka. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Lengo ni jema, lakini matokeo yake ni kwamba mitambo inayofika Mombasa ni ya kisasa zaidi, tena iliundiwa dizeli ya Japani na Ulaya ambayo salfa yake haizidi sehemu 10 kwa milioni. Kenya ilipoboresha dizeli yake mwaka 2015, ilishuka kutoka 500 hadi 50. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, ila haikulifikia hitaji la mitambo hiyo.

Aidha, kuna tatizo la walaghai wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa. Serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukomesha mchezo huo. Mafuta ya taa hayana ulainishaji wa dizeli, na pampu pamoja na nozeli za shinikizo kubwa huliwa upesi.

Fundi wa kawaida anayelifahamu Probox la petroli kama kiganja chake hawezi kulaumiwa akishindwa hapa. Ugonjwa wa gari hili husomwa kwa kompyuta, na kipuri kimoja chaweza kumeza akiba ya safari nyingi za Malindi. Kila kilomita ambayo gari bovu linavutwa kufuata gereji yenye vifaa huongeza deni.

Kisha kuna maji. Mto Tana ukifurika, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 barabara ya Lamu hadi Garsen ilipokatika, lori hupita mahali ambapo gari lenye tumbo la sentimita 14 kutoka ardhini halithubutu. Injini ikivuta maji, mikono ya pistoni hupinda, kwa kuwa maji hayashindiliki kama hewa. Hata kiangazi, mchanga na mashimo ya njia za vijijini hayalihurumii.

Haya hayamaanishi kwamba gari hilo ni baya. Anayesafiri lami kila wiki, anayenunua mafuta katika kituo anachokiamini na aliyetenga fedha za matengenezo anaweza kuishi nalo kwa raha. Anayelichukua kwa mkopo wa chama cha ushirika, bila akiba, ili aende sokoni na vijijini, anajitia kitanzi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kwa upande wao, wasimamizi wa sera hawana budi kutambua kwamba umri wa gari si kipimo pekee cha ubora wake. Gari jipya kiasi huhitaji mafuta safi na mafundi waliosomea kazi hiyo. Mpaka vyote viwili vifike Garsen, mnunuzi wa huko atabaki kulipia tofauti hiyo peke yake.