Lenzi Kwanza, Kamera Baadaye

Katika kazi yetu ya picha kuna uongo mmoja uliozoeleka kiasi kwamba hata wanaousema wamesahau kuwa ni uongo. Unasema hivi: kijana mwenye fedha kidogo na atafute kwanza kamera nzuri, mpya kadiri awezavyo, na habari za lenzi zitafuata Mungu akijalia. Nimeusikia madukani, nimeusikia kwenye kumbi za harusi, na kibaya zaidi nimeusikia vinywani mwa wapiga picha wenzangu, watu ambao wanajua fika kuwa riziki yao wenyewe haikuja kwa njia hiyo. Nitaupinga hapa kwa maneno makali kidogo, kwa sababu wanaouamini ni wale wasio na shilingi ya kupoteza.

Mwenye mfuko mnene sina la kumwambia. Anunue atakacho, akikosea atanunua tena. Vilevile anayetaka picha za watoto wakicheza uani mchana, simu yake inamtosha na asinunue kamera kabisa. Nasema na yule anayetaka kula kwa kamera, aliyejiwekea akiba kidogo kidogo, ambaye akinunua vibaya mara moja hana mara ya pili.

Kamera, ukiivua majina na mbwembwe zake, ni kasha lenye giza ambalo ndani yake kuna kitu cha kupokea mwanga. Zamani kitu hicho kilikuwa filamu, leo ni kihisi. Kasha halioni. Kinachoona ni lenzi, na lenzi ndiyo inayoamua ni mwanga kiasi gani utaingia na utafika ukiwa safi namna gani. Ile lenzi ndogo inayofungwa na kamera mpya katika boksi moja, aghalabu ya milimita 18 hadi 55, imeandikwa f/3.5-5.6. Maana yake, ukiivuta hadi milimita 55, tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu: 55 kwa 5.6 ni karibu milimita 10, yaani tundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Chukua sasa lenzi ya milimita 50 f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa. Gawanya 50 kwa 1.8, utapata karibu milimita 28: kizibo cha chupa ya maji. Na kwa kipimo cha mwanga unaofika kwenye kihisi, f/1.8 huingiza karibu mara kumi ya f/5.6.

Hebu tuipeleke hesabu hiyo ukumbini. Kumbi zetu msomaji unazijua: vitambaa vimefunika dari, taa za rangi zinazunguka, na mshereheshaji anaamuru taa kubwa zizimwe mara tu bibi harusi anapotokea mlangoni. Pale ambapo kifungo cha shati kinadai sekunde 1/15, kizibo cha chupa kinatosheka na 1/125. Kwa 1/15 mtu anayetembea hutoka kama moshi. Muuzaji atakwambia kwamba lenzi ile ndogo ina kituliza mtikisiko. Ni kweli inacho, nacho hutuliza mkono wako wewe; bibi harusi hakimtulizi.

Hapa Tanga, mtaani kwetu, yuko kijana ambaye mama yake alimdhamini katika kikoba ili anunue kamera, na pengo lililobaki akalijazia kwa ule mkopo tunaouita kausha damu. Dukani aliambiwa: hii ina megapikseli 24, utapiga hadi mabango ya barabarani. Akanunua mpya, ikiwa na lenzi yake ya boksini, na fedha ikaishia hapo. Harusi yake ya kwanza ilikuwa nzuri hadi magharibi. Nimeziona picha za mchana, za msikitini na za ndugu wakipanda magari. Kijana ana jicho. Za ukumbini zilikuwa moshi na chembechembe. Familia ikalipa nusu, ikakataa iliyobaki, na siwezi kuilaumu. Mwezi wa nne mkopeshaji alikuja akaichukua kamera. Mama angali anarejesha fedha za kikoba. Katika watu wote waliohusika na biashara ile, aliyeuza, aliyekopesha, na waliompongeza kwa kamera mpya, hapana hata mmoja aliyemwuliza swali dogo: utapigia wapi?

Sasa hizo megapikseli. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sijapata kuona kitu kinachojitembeza kama namba hii. Nikon D90, kamera ya mwaka 2008, ina megapikseli 12. Picha yake ni vitone 4288 kwa 2848. Ukiichapa kwa vitone 300 kwa kila inchi, ambacho ni kipimo cha uchapaji mzuri, unapata inchi 14 kwa 9 na ushei. Albamu za harusi zetu, ngapi zinapita ukubwa huo? Na ukiruka kutoka megapikseli 12 hadi 24, usidhani picha imekuwa kubwa maradufu kwa urefu na kwa upana. Urefu unaongezeka mara 1.4 tu. Kisha picha hizo hizo hutumwa kwa simu, ambako hufinywa hata kabla shangazi hajazifungua. Mabango ya barabarani, ati! Kijana wa watu bango hajawahi kuombwa mpaka leo.

Watanijibu kwamba kamera mpya zinaona gizani kuliko za zamani. Hoja hii ina uzito na siikwepi. D90 yangu siipelekei kupita ISO 1600 kwa hiari yangu, na bodi za leo unaweza kuzipeleka 6400 bila picha kuharibika sana. Hiyo ni faida ya mara nne. Lakini tumekwisha kuona kuwa lenzi ya f/1.8 inatoa karibu mara kumi, tena kwa sehemu ndogo ya bei ya bodi mpya. Mwenye uwezo wa kupata zote mbili na azipate. Asiye na uwezo wa kupata zote, kwa nini anasukumwa achague iliyo ndogo kwa bei kubwa?

Isitoshe, bodi huzeeka kama simu, lenzi huzeeka kama cherehani. Lenzi yangu ya Nikon ya milimita 50 f/1.8 niliinunua mwaka 1996 ikiwa tayari imetumika, nikaifunga kwenye bodi ya filamu. Baadaye ikahamia kwenye D70 ya megapikseli 6, kisha kwenye D90, na kazi ya wiki iliyopita ilifanywa nayo. Bodi ya filamu imo kabatini, D70 ilikufa kifo cha kawaida, lenzi bado ipo. Mlango wa lenzi za Nikon, ule wa chuma unaozishika, ulianza mwaka 1959. Ule wa Canon EF mwaka 1987. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zilileta milango mipya kwa kamera zisizo na kioo ndani, na tangu hapo wenye fedha wamekuwa wakiuza zile za kioo. Hilo ni jambo la kusikitisha kwa waliozinunua jana, na ni neema kwa maskini. Bodi iliyokuwa fahari ya mtu miaka kumi na mitano iliyopita leo inauzwa kwa bei ya simu ya kawaida, nayo haijasahau kupiga picha.

Tuseme kijana ana shilingi milioni moja na nusu. Mimi namwambia asitoe zaidi ya thuluthi kwa bodi iliyotumika. Fedha inayofuata iende kwa lenzi mbili zisizovutika, ya milimita 35 f/1.8 na ya milimita 50 f/1.8. Kwenye bodi za kihisi kidogo, ambazo ndizo atakazozimudu, ile ya 35 huona kama 50 ilivyokuwa ikiona kwenye filamu; na Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi ya maisha yake kwa lenzi ya milimita 50. Wanaosema mtu hawezi kufanya kazi bila lenzi ya kuvuta wamwulize yeye alivutaje. Alivuta kwa miguu. Kisha flashi yenye kichwa kinachogeuka, ili mwanga upigwe kwenye dari nyeupe au ukuta urudi kwa upole, badala ya kumchoma mtu usoni. Dari ikiwa na vitambaa vyeusi flashi hiyo itamwacha yatima, na hapo ndipo atakapolishukuru lile tundu la kizibo. Kinachobaki ni betri ya pili na kadi mbili, kwa sababu kadi moja ni kamari. Ile lenzi ya 18-55 siyo haramu. Ikipatikana kwa bei ya bure aichukue, kwa picha za ukoo mzima uani, mchana, tundu likiwa f/8. Hapo inafanya kazi kwa heshima.

Kuna mtego mmoja ambao wauzaji hawausemi. Lenzi za zamani za Nikon zinazoitwa AF na AF-D hazina mota. Huzungushwa na mota iliyo ndani ya bodi. Bodi ndogo za familia ya D3000 na ya D5000 hazina mota hiyo. Kijana ataifunga lenzi, itakaa vizuri, itaingiza mwanga, lakini haitajilenga yenyewe; atalazimika kuzungusha kwa mkono huku bibi harusi anapita. D90 na D7000 zinayo. Kwa upande wa Canon, lenzi za EF zina mota zao wenyewe, hivyo shida hii haipo. Jambo dogo namna hii linaweza kula fedha za miezi sita, na halikuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi kama zilivyoandikwa megapikseli.

Na ukinunua kilichotumika, nenda na tochi. Fungua tundu la lenzi kabisa, mulika upande mmoja, tazama kwa upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, maradhi makubwa ya lenzi huku kwetu pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara bila kuisahau Unguja. Iache hata kama wanakupa kwa nusu bei. Yako ikiwa safi, ilaze katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu, na uvibadilishe vinapochoka. Mikoba ya ngozi ya kupendeza ndiyo shamba la kuvu. Bodi nayo iulize imepiga picha ngapi. Shata ya D90 ilikadiriwa picha 100,000, na bodi ya mpiga harusi hufika huko upesi kuliko ya mtalii.

Anayetaka kupiga video usiku kucha namwambia mapema kwamba ushauri wangu haumfai. D90 ilikuwa ya kwanza katika jamii yake kuchukua video, na video yake ni ya kwanza kweli kweli. Huyo akusanye fedha zaidi, au aanze na picha za mgando mpaka zimnunulie hicho anachokitaka.

Limebaki neno moja kwa kamati za harusi, maana na wao wamo katika kosa hili, pengine kuliko wauzaji. Mwaka jana nilimpeleka kijana mmoja kwenye kikao cha kamati, mwenye D7000 kuukuu na lenzi zake mbili fupi. Mwenyekiti akamtazama mkononi, akaniinamia na kuninong'oneza, "Mzee, huyu kamera yake mbona ndogo hivi? Wageni watatuonaje?" Nikamwambia, "Ndugu mwenyekiti, kwanza tazama albamu yake." Hakuifungua. Walimchukua mwingine, aliyekuja na kamera yenye lenzi ndefu kama mchi wa kinu. Kijana wangu alirudi nyumbani akaniuliza kama akope akanunue kubwa. Hivyo ndivyo kamati inavyompeleka mtoto wa mwenzake kwa kausha damu, huku ikinywa soda.

Basi kamati zifanye hivi. Mpiga picha akija, msimtazame mkononi. Mwambieni awaonyeshe picha kumi za ndani, za usiku, za watu wanaotembea au wanaocheza, alizopiga yeye mwenyewe katika ukumbi kama wenu. Mzikuze kwenye simu muone macho ya watu kama yanaonekana. Asiye nazo asipewe kazi, hata akija na kamera ya ukubwa wa debe.