TAHARIRI: Kuona si kutofautisha

Usiku wa Machi 18, 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio linalojiendesha lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akikokota baiskeli. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulibaini kuwa rada ilimwona sekunde 5.6 kabla ya ajali. Laida, chombo kinachopima kwa mwanga wa leza, nayo ilimwona. Kompyuta ikamwita gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli.

Hilo ni kosa la kutambua. Lipo jingine lisilosemwa sana: kushindwa kutenganisha vitu vilivyokaribiana. Rada yenye uwezo wa kutenganisha nyuzi 1, kwa umbali wa mita 100, yaweza kumwona mtoto aliyesimama mita 1.5 kando ya lori kuwa sehemu ya lori hilo. Laida hutenganisha vizuri zaidi, lakini mvua na ukungu huidhoofisha.

Hatupingi maendeleo. Tunachodai ni vipimo vya wazi: sanamu ya mtoto isogezwe karibu na gari lililoegeshwa, usiku na mvuani, hadi chombo kishindwe kutofautisha, na umbali huo utangazwe. Watengenezaji wasitueleze tu chombo chao kinaona mbali kiasi gani. Barabara hizo tunazivuka na watoto wetu. Tahadhari kabla ya hatari.