Hesabu za duka zisilale mahali pamoja

MOTO ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021, na jengo la ghorofa lililoporomoka eneo hilo hilo Novemba 16, 2024, yameacha somo ambalo wafanyabiashara wengi bado hawajalifanyia kazi. Bidhaa zikipotea, mtu anaweza kukopeshwa nyingine na muuzaji wa jumla anayemwamini. Orodha ya wadeni ikipotea, nani atakuja mwenyewe kusema anadaiwa?

Siku hizi maduka mengi, kuanzia Msimbazi hadi Samora, yanaweka hesabu za stoo, mauzo na madeni kwenye kompyuta. Ni hatua nzuri. Tatizo ni kwamba mara nyingi kompyuta hiyo inakaa chini ya kaunta, na nakala pekee iko kwenye flashi iliyochomekwa humo humo. Mwizi akiingia, anaondoka na vyote viwili.

Kisingizio kinachotolewa ni gharama. Safu hii haikubaliani nacho. Windows ina ratiba ya kazi ndani yake, haina malipo ya ziada. Fundi aliyefunga programu ya hesabu atakiwe mambo manne.

Kwanza, nakala itolewe na kompyuta yenyewe kila usiku baada ya kufunga, si na karani anayewahi daladala. Itolewe kwa amri ya programu yenyewe, kwani kunakili faili la kanzidata huku mauzo yakiendelea kuingizwa kunaweza kuzaa nakala mbovu.

Pili, nakala ibanwe, ifungwe kwa nywila na itumwe nje ya duka usiku, wakati bando ni nafuu. Nywila ni muhimu: majina na simu za wateja yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Tatu, ziwepo diski mbili za nje zinazopokezana kila Jumamosi, moja dukani, nyingine nyumbani. Intaneti pekee haitoshi. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, mawasiliano nchini yalizorota vibaya.

Nne, nakala za zamani zisifutwe haraka. Kosa au kirusi cha leo kinaweza kugunduliwa baada ya wiki mbili, na nakala ya jana ikawa na ubovu ule ule. Zibaki za siku 7, za wiki 4, na moja ya kila mwezi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

Baada ya hayo, kila mwezi nakala moja ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ili kuona kama mizania inasomeka. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuingiza fedha katika duka naye asiishie kuangalia rafu. Aulize: hesabu zikiungua usiku huu, kesho mtawadai wateja kwa karatasi gani?