Santuri Inayoruka Isitupwe

Sindano inafika mahali, gitaa linarukia ubeti wa mbele, au mwimbaji ananasa kwenye neno moja kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Mwenye santuri anatoa sarafu mfukoni, anaiweka juu ya kichwa cha sindano, na wimbo unapita. Tabia hiyo iachwe. Mashine nyingi za santuri za vinili zinataka uzito wa gramu 2 hivi kwenye ncha. Sarafu ikiongezwa juu, almasi iliyo kwenye ncha ya sindano inageuka patasi. Inachimba ukuta wa mfuo, na sauti iliyoandikwa humo hairudi tena.

Mara nyingi kinachorusha sindano ni vumbi, ukungu au mafuta ya vidole yaliyoganda.

Dawa yake inapatikana hata Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, kijiji ambacho watu na mizigo hukifikia kwa boti: maji safi, tone la sabuni ya vyombo, na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Kitambaa kifuate mzunguko wa mifuo bila kuikata, na karatasi ya katikati isiguswe na maji. Ila maji hayo yasichotwe ziwani. Ziwa Tanganyika ni angavu, lakini maji yake yana madini mengi, nayo yakikauka huacha chembe palepale sindano inapopita. Afadhali mvua iliyokingwa kwenye beseni bila kupitia bati, kisha ikachujwa.

Kusafisha kwa spiriti nako kuna mipaka. Santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile za mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, aliyeanza kurekodi Bombay mwaka 1928, zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu, na spiriti huiyeyusha. Zinataka pia sindano yao, iliyo nene zaidi.

Ikiendelea kuruka palepale, santuri iangaliwe kwa kioo cha kukuzia. Punje iliyokwama huondolewa kwa kijiti cha meno, taratibu, kwa kufuata mfuo. Mkwaruzo uliozama hautoki, lakini hata hapo santuri ina thamani, kwa kuwa nyimbo za upande wa pili huenda ni nzima.

Uangalifu huu una sababu. Bendi za Tanzania za miaka ya 1960 na 1970 zilitegemea Nairobi kupata santuri zao, na mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, mmoja wa waliorekodi miaka hiyo, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, na hatarekodi tena. Anayetupa santuri yake iliyokwaruzika huenda anatupa nakala ambayo jirani zake wote hawana.

Redio na maktaba za Kigoma zitenge siku moja kila mwezi ili wananchi walete santuri zao, zisafishwe na kunakiliwa. Mashine moja nzuri yenye sindano mbili, ya vinili na ya shelaki, inatosha kuanzia.